Mwili Wako Uko Sawa, Pateni Ndio Iko na Shida

Wacha niseme hii kitu bila kuzunguka. Kama gauni limekataa kupita kwa hipsi, mwili wako hauna makosa. Na mara nyingi hata fundi hana makosa. Makosa ni ya ile karatasi, na ya mtu aliyekudanganya kwamba karatasi haiguswi.

Nasema hivi kwa sababu kila jua likianza kuwaka, mtandao unajaa zile picha mbili mbili: huku nguo niliyotaka, huku nguo niliyoletewa na fundi. Tunacheka, tunasambaza, fundi anatukanwa na watu ambao hawajawahi hata kuweka uzi kwa sindano. Halafu ukishuka kwa komenti unapata wasichana wa miaka 17 wanaandika ati wacha wapunguze tumbo kwanza ndio washone. Na hapo hapo chini kuna mtu anauza chai ya kupunguza tumbo. Manze, hiyo biashara inaishi kwa sababu hakuna mtu alikaa chini akatuelezea jedwali la saizi. Basi kaa, nikuelezee.

Mmarekani mmoja fundi wa nguo, Ebenezer Butterick, alianza kuuza pateni za karatasi zenye saizi mwaka wa 1863. Wazo lenyewe ni poa sana: mtu yuko mbali na mji, ananunua karatasi, anakata, anashona. Lakini ukiuza kwa saizi lazima uamue mwili wa saizi hiyo unakaa aje. Angalia jedwali la kampuni kama McCall's na Butterick wenyewe. Saizi 14 ni kifua inchi 36, kiuno 28, hipsi 38. Saizi 20 ni kifua 42, kiuno 34, hipsi 44. Umeona? Hipsi zinazidi kiuno kwa inchi 10, saizi zote mbili. Yaani ukiongezeka, unaongezeka kila mahali sawasawa, kama puto. Nani kwenu ako hivyo?

Sasa leta mteja wa kawaida, wa kukutana naye hapa Timau siku yoyote: kifua 36, kiuno 29, hipsi 44. Juu ni saizi 14. Chini ni saizi 20. Ukimkatia 14, gauni linakwama mapajani, limepungukiwa na inchi 6. Ukimkatia 20, mabega yanaanguka na kiuno kinabaki na inchi 5 za hewa. Yeye atajiangalia kwa kioo aseme "mimi nimeumbwa vibaya." Fundi ataambiwa hajui kazi. Karatasi imekaa hapo mezani, haijasemwa chochote.

Na dawa yake si uchawi. Pateni nyingi siku hizi zina saizi kadhaa kwa karatasi moja, mistari imefuatana kama barabara za Google Maps. Unafuata mstari wa 14 kwa bega na kwapa, ukikaribia kiuno unaanza kutoka pole pole, hadi hipsini uko kwa mstari wa 20. Kama saizi 20 haiko kwa hiyo karatasi, piga hesabu: inchi 6, kingo nne za mishono ya pembeni, inchi moja na nusu kila ukingo. Hesabu ya darasa la nne. Kama sketi ni ya mwavuli, hata usijisumbue na hipsi, zitapita tu. Tafuta kifua na kiuno.

Kifua nacho kina siri yake. Hizo kampuni kubwa kwa kawaida huchora kwa kifua cha kikombe B. Kama wewe una matiti makubwa ukachagua saizi kwa kupima hapo yalipojaa, utapata mabega ya mtu mwingine. Pima juu, chini ya kwapa, chagua saizi kwa hicho kipimo, halafu fungua pateni uongeze nafasi hapo mbele peke yake na uongeze dati. Na tafadhali usilie ukiona nambari. Saizi ya pateni si ile ya dukani. Msichana anayevaa 10 ya duka anaweza kupata yeye ni 14 kwa karatasi, na hajaongeza hata kilo.

Kuna wale watasema ati kubadilisha pateni ni kuharibu kazi ya mbunifu. Wasee, hebu fungueni karatasi yenyewe. Katikati ya mwili na ya sketi kuna mistari imechapishwa, na maandishi yanayosema refusha au fupisha hapa. Kampuni yenyewe imekupa ruhusa. Wao wanajua karatasi yao ni mwanzo tu. Ni sisi huku tunaiabudu kama cheti cha kuzaliwa.

Upande wa pili wako mafundi wa zamani, nawaheshimu, wanaosema pateni ni ya watoto wa chuo, fundi wa kweli anakata kwa macho. Sawa fundi wangu, macho yako ni mazuri. Lakini macho hayawezi kurudia. Mteja akirudi mwakani akitaka gauni lile lile na mfuko mmoja zaidi, unaanza tena sifuri. Karatasi iliyorekebishwa na kuandikwa jina inakaa kwa bahasha.

Tuje kwa hali ya hewa, maana hapa ndio wanaouza "gauni la kiangazi" wananichekesha. Kiangazi kipi? Timau iko juu ya mita 2,000, Mlima Kenya uko hapo nyuma, ikweta iko hapo chini kidogo. Mwezi wa Januari mchana jua linakuchoma mpaka shingo, saa kumi na mbili jioni unatafuta jaketi. Upepo wa mashamba ya ngano haujui wewe umevaa sketi ya mwavuli. Hiyo pateni ya kamba mbili begani na mgongo wazi ilichorwa kwa mtu anayeenda baharini, si kwa mtu anayengoja matatu ya Nanyuki kando ya barabara.

Kwa hivyo mimi naguza kila kitu. Kamba za begani naziondoa naweka mkono mfupi kutoka pateni nyingine, mradi shimo la kwapa lilingane. Mwavuli mzima naupunguza uwe nusu, upepo ukose kazi. Naongeza bitana kwa sketi, na mifuko, kwa sababu simu itakaa wapi? Na usinisikie vibaya: mkono ni wa baridi, si wa midomo ya watu wa stage. Nairobi, Novemba 2014, wanawake waliandamana na #MyDressMyChoice baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani. Hiyo mada ilifungwa hapo. Mtu akitaka mgongo wazi Timau, nitamshonea, na leso ya kujifunika jioni nitamchagulia.

Mambo mawili ya haraka kwa wale wananunua faili za kuchapisha. Mwambie mtu wa saiba achapishe kwa asilimia 100, na upime kile kisanduku cha majaribio kwa futi kabla hajatoa kurasa zote 30, la sivyo gauni zima litatoka dogo na utasingizia chapati. Na angalia kama nafasi ya mshono iko ndani: pateni za kampuni kubwa za Marekani kawaida zina 5/8 ya inchi, za jarida la Burda hazina, unaongeza mwenyewe.

Sasa pesa, kwa sababu hapa ndio vita iko. Gauni linalokaa vizuri linashonwa mara mbili. La kwanza ni la majaribio, kwa kitambaa cha bei rahisi. Zamani pwani wafanyabiashara kutoka Salem, Marekani, walileta pamba nyeupe isiyotiwa rangi, watu wakaiita merikani, na bado hakuna kitambaa bora cha kujaribia. Mimi hutumia shuka za mitumba. (Nanyuki hapo tulikuwa na kiwanda kizima cha vitambaa, Mountex. Tulikuwa.) Hilo la majaribio linachukua nusu siku: kukata, kushonea kubwa kubwa, kukuvalisha, kubana pini, kufungua, kurudisha mabadiliko kwa karatasi.

Mteja anakuja na kitenge chake na picha ya simu, siku mbili kabla ya harusi, hataki kupimwa mara ya pili, na anataka kulipa bei ya kufupisha suruali. Halafu tarehe ya harusi ikifika anapiga ile picha ya pili anaiweka mtandaoni. Hapana. Bei yangu ina gauni mbili ndani yake, moja utaenda nayo na moja utaiacha kwa meza yangu ikiwa na pini. Ukitaka punguzo, kuna rundo la mitumba Jumanne.