Acheni kunyoosha muziki wa wazee kwa gridi

Wiki hii mtu amenitumia wimbo wa ohangla na ujumbe mfupi: "Skiza hii kazi safi." Nimeskiza. Ni safi kweli, safi kama sahani ambayo haijawahi kuwekewa chakula. Ngoma zimekaa sawasawa, orutu imekaa sawasawa, gara zinalia kila moja mahali pake kama askari kwenye gwaride. Na ndani hakuna mtu. Nilijua mara moja kilichofanyika, kwa sababu mimi pia nimeshafanya hiyo dhambi, hapa hapa Takawiri, na nitawaeleza.

Nasema hivi, na nyinyi maprodyusa wa Mbita, Homa Bay, Migori na Kisumu mnaonifuata mkasirike mkitaka: mkirekodi mzee wa orutu, wa nyatiti ama bendi ya benga inayocheza pamoja chumba kimoja, kisha mkawashika na kuwavuta kwenye mistari ya gridi, hamjasahihisha wimbo. Mmeutoa huo wimbo na mkaweka mwingine unaofanana nao.

Tuanze na hiyo gridi yenyewe, maana kuna watu wanaiongelea kama ililetwa na malaika. Ukifungua projekti mpya kwenye Reaper ama Ableton Live, tempo inakuja ikiwa 120. FL Studio za siku hizi zinakuja na 130. Hiyo namba haikupimwa Rusinga wala Mfangano. Mtu alikaa kwa ofisi akachagua namba ya kuanzia, basi. Chini yake kuna mistari inayogawa kila pigo vipande vinne. Sasa angalia hesabu, na usiogope, ni ya darasa la sita.

Kwa tempo ya 120, pigo moja ni milisekunde 500. Gridi ya vipande vinne inaweka mstari kwa 0, 125, 250 na 375. Lakini nyimbo nyingi za orutu nilizorekodi mimi hazigawi pigo kwa nne, zinagawa kwa tatu: 0, 167, 333. Bonyeza kwantaizi. Kompyuta haijui mzee alikuwa anafikiria nini, inajua tu mstari ulio karibu. Noti ya 167 inavutwa nyuma mpaka 125. Noti ya 333 inasukumwa mbele mpaka 375. Noti tatu zilizokuwa zimeachana sawasawa sasa ni fupi, ndefu, fupi. Huo mwendo haukuchezwa na mtu yeyote kwenye hicho chumba. Halafu unaniambia mzee ndiye aliyekuwa nje ya taimu!

Naskia wengine wakisema, "Si ubadilishe tu gridi iwe ya tatu?" Sawa, hiyo ni afadhali kidogo. Lakini mpiga ngoma mzuri hakai kwenye tatu kamili wala nne kamili. Anakaa katikati, na hiyo katikati inasogea kadiri wimbo unavyopata moto. Anayecheza anaiskia na mguu wake unajua pa kukanyaga. Gridi yako haina mahali pa kuiweka.

Sasa hadithi yangu. Nilirekodi mzee mmoja wa orutu na mwenzake wa ngoma kwenye nyumba ya mabati karibu na ufuo. Tulingoja usiku, maboti ya omena yalipokuwa yameshaenda ndani ya ziwa na taa zao, ndio injini zisituingilie. Maikrofoni mbili, laptopu moja ya zamani, hakuna kliki. Waligonga dakika tisa bila kusimama. Watoto waliokuwa wamelala wakaamka na hakuna aliyewafukuza.

Kesho yake nikaweka kazi kwenye programu na nikaona "tatizo". Mwanzo walikuwa karibu 112, mwisho walikuwa 121. Nikacheka, nikasema hawa wazee wanakimbia. Nikakata ngoma pigo kwa pigo na kuvuta kila kipande kwenye mstari. Lakini kumbuka tulikuwa chumba kimoja. Maikrofoni ya orutu ilikuwa imeskia ngoma pia. Kwa hiyo nilipohamisha pigo kwa milisekunde 40 hivi kwenye traki moja, lile pigo la kwanza lilibaki kwenye traki ya pili, na sasa ngoma zikawa mbili. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde. Milisekunde 40 ni karibu mita 14. Nilikuwa nimemchukua mpiga ngoma nikampeleka mita 14 nyuma ya mwenzake, yaani karibu majini.

Hapo mtu mwenye akili angesimama. Mimi nikaendelea. Nikaweka geti kwenye orutu ili ngoma isiskike pale, na orutu ikaanza kukatika mwisho wa kila mstari. Nikaweka mwangwi wa plagini kuziba mashimo. Mwangwi ukafanya ngoma ionekane ndogo, nikaongeza sampo ya ngoma niliyoshusha kwenye intaneti, imerekodiwa sijui wapi. Kila dawa ilileta ugonjwa wake. Mwisho nikakata dakika tisa zikawa mbili na nusu, kwa sababu nilikuwa nimeskia watu hawaskizi zaidi ya hapo.

Na laptopu ilikuwa imejaa. Nikabonyeza amri ya kusafisha folda ya projekti, ile inayofuta faili ambazo projekti haitumii tena. Nilikuwa nimeshaunganisha vile vipande kuwa faili mpya, kwa hiyo zile rekodi za mwanzo hazikuwa zinatumika. Zikaenda zote.

Nilimpelekea mzee. Akaweka simu sikioni, akaskiza mpaka mwisho bila kusema kitu. Halafu akaniuliza, "Nyakwara, ma en ng'a?" Mjukuu wangu, huyu ni nani?

Nikamwambia, kwaro, ni wewe. Akanirudishia simu kwa upole, vile unamrudishia mtu kitu ambacho si chako.

Nikaomba turudie. Alikubali, hana kinyongo. Lakini mwenzake wa ngoma alikuwa ameshavuka kwenda upande wa Nyatike kutafuta dhahabu huko Macalder, na mpaka leo hajarudi kupiga. Tulirekodi na kijana mwingine, mzuri tu, lakini ule wimbo wa dakika tisa haukutokea. Kilichobaki duniani cha usiku ule ni dakika mbili na nusu zilizonyooshwa na mimi. Ndio maana naandika kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira ni yangu kwangu.

Kuna kitu sikuelewa wakati ule. Kutoka 112 mpaka 121 hawakurudi nyuma hata mara moja. Nimeweka hizo namba kwenye daftari, ni karibu kitu pekee kilichobaki. Mtu aliyepotea njia anayumba, anaenda mbele na kurudi. Mtu anayepanda ngazi moja moja kwa dakika tisa anajua anakoenda. Ule ulikuwa wimbo wenyewe, unapanda, na mimi nikausawazisha kama barabara.

Mtu yeyote aliyekulia na benga anajua kupanda. Gitaa za benga zilichukua ufundi wake kwa nyuzi nane za nyatiti, na wimbo unaanza kwa kusimulia, halafu maneno yanapungua na gitaa zinachukua. Enzi za santuri za 45, upande mmoja ulibeba dakika chache tu, kwa hiyo wimbo mara nyingi ulikatwa mara mbili: nusu upande wa A, nusu upande wa B. D.O. Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na kuibeba Shirati Jazz miaka mingi, alirekodi kwa mashine ambazo leo hakuna msee angekubali hata kuzigusa. Na bado hao watu wa zamani, na plastiki yao ya dakika chache, hawakutupa ile sehemu ya gitaa. Walikuambia ugeuze santuri. Sisi tuna nafasi isiyoisha, na tunafunga wimbo kwa fedi mahali ambapo gitaa ndio linafungua mdomo.

Kitu kingine kinaniuma. Misiani alikufa kwa ajali Mei 2006. Februari mwaka huo huo alikufa J Dilla wa Detroit, Marekani. Dilla alikuwa anagonga biti zake kwa mkono kwenye Akai MPC, mashine yenye kitufe cha kusahihisha taimu, na anajulikana kwa kukiacha hicho kitufe. Ngoma zake zinachelewa, zinawahi, zinayumba kwa makusudi. MPC yake leo iko kwenye jumba la makumbusho Washington. Maprodyusa wetu wanamwabudu, wanashusha vifurushi vya ngoma vyenye jina lake, wanatazama video za kufundisha jinsi ya kuyumba kama yeye. Halafu mzee wa Suba akiingia studio na taimu yake mwenyewe, ambayo hakuishusha popote, anaambiwa akae kwa kliki. Manze, hii ni nini?

Najua majibu yenu, nimeyaskia kwa DM.

Ati DJ hataweza kuchanganya wimbo usio na tempo moja. Madijei wa matanga wamechanganya benga na ohangla miaka yote hiyo, kwa masikio. Na kwa anayetegemea skrini, rekordbox ina njia ya kuchambua wimbo ambao tempo yake inabadilika. Ni kuchagua tu kwenye mipangilio.

Ati kijana wa leo hataki kitu kirefu. Sawa, mpe kipande cha sekunde 30 cha TikTok, mimi pia nakata hivyo vipande, ndivyo vinanilipia bando. Lakini kata kutoka kwa wimbo uliokamilika na wimbo wenyewe ubaki. Kipande ni tangazo la chakula, si chakula.

Jibu la tatu ndilo la kweli, na hakuna anayelisema kwa sauti: ni haraka. Ukiwa na pigo kumi nzuri unaweza kunakili na kubandika mpaka dakika ya tatu, mteja alipe, mwingine aingie. Msee anayelipia stima na kodi ya chumba ana haki ya kuharakisha. Siwezi kumdharau kwa hilo. Lakini basi aseme ni haraka, asiseme ni ubora. Na asimwambie mzee kwamba hajui kupiga.

Mjue pia sisemi watu watupe gridi. Ukitengeneza arbantone, ukitengeneza gospo juu ya biti ya kinanda, gridi ndiyo nyumba yako, jenga hapo. Mimi mwenyewe nakata kikohozi, natoa mlio wa injini, nikipata noti iliyoharibika kweli naitafutia dada yake mahali pengine kwenye wimbo. Kuhariri ni kazi ya heshima. Ninachokataa ni kumvuta mtu kwenye taimu yako wakati amekuja na ya kwake.

Na si ngumu hata! Hizo programu zinaweza kufanya kinyume: badala ya kuvuta ngoma kwenye mstari, vuta mstari kwenye ngoma. Kwenye Reaper unaweka alama ya tempo kila mahali pigo kubwa linapoanguka, na gridi inajipinda kumfuata mpigaji. Logic Pro ina Smart Tempo inayoweza kujaribu hiyo kazi yenyewe, wewe unarekebisha. Ableton, zima ile tabia ya kunyoosha faili ndefu yenyewe kabla hata hujaingiza kitu. FL Studio ni sumbufu kidogo kwa hili, kwa hiyo weka rekodi nzima bila kuinyoosha, zima kunasa kwenye mistari, na ufanye kama gridi haipo. Ukitaka kuongeza besi ama shekere, mwite mtu aiskize rekodi na apige juu yake, afuate mzee. Itakuchukua jioni nzima. Dakika tisa zangu zilinichukua masaa matatu kuziharibu.

Kabla ya yote hayo, nakili rekodi za mwanzo mahali pengine. Usiniulize mara mbili kwa nini.

Nimenunua diski ya nje, iliyotumika, kwa fundi wa simu pale Mbita. Sasa hivi ina rekodi kumi na moja za orutu na nyatiti ambazo sijakata hata sekunde, pamoja na mbwa, mvua kwenye mabati na mtu anayeomba chai katikati ya wimbo wa nne. Prodyusa anayetaka kubishana na mimi aje Takawiri tuziskize pamoja. Maboti ya Mbita yapo. Alete hedifoni zake, zangu upande wa kushoto umekufa.