Nasadiki kwa Marekani

Filamu ya The Godfather, iliyoongozwa na Francis Ford Coppola na kutoka mwaka 1972, inaanza gizani. Kabla ya sura yoyote kuonekana tunasikia sauti ya mwanamume akisema kwamba anaiamini Marekani. Wengi wetu tungetafsiri hivyo. Lakini kwa Kiingereza maneno yale yamejengwa kama Kanuni ya Imani, kwa hiyo sisi tunaosali kwa Kiswahili tungeyasikia vizuri zaidi hivi: "Nasadiki kwa Marekani." Jina lenyewe la filamu pia ni la kanisani, maana yake baba wa ubatizo. Wapo wanaotuuliza mafrateri wanatafuta nini katika sinema ya majambazi. Jibu letu linaanzia kwenye sentensi hiyo moja.

Msemaji ni Amerigo Bonasera, Mwitaliano aliyejitafutia maisha Marekani kwa kazi ya kuandaa maiti kwa mazishi. Binti yake amepigwa na vijana wawili mpaka taya likavunjika, kwa sababu alikataa kuvunjiwa heshima. Baba akaenda polisi kama raia mwema. Hakimu akawahukumu vijana wale miaka mitatu, kisha akaiahirisha adhabu, wakatoka huru siku ileile. Ndipo Bonasera akamwambia mkewe kwamba haki wataipata kwa Don Corleone. Kwa maneno mengine, anapoitamka imani yake ameshaiacha. Amekuja kwa mungu mwingine.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, akimfuata Augustino, anatofautisha kusadiki mambo yahusuyo Mungu, kumsadiki Mungu anaposema, na kusadiki kwa Mungu, yaani kumwelekea yeye kama mwisho wa safari yetu. Hii ya tatu ndiyo Bonasera aliyoipa nchi. Nchi inaweza kumpa mtu kazi, polisi na mahakama. Haiwezi kubeba moyo wake wote. Hata hivyo tusimcheke. Yule ni baba, na hukumu ile kweli ilikuwa ya aibu.

Wakati anaongea, kamera inarudi nyuma polepole sana, mpaka tunaona bega na mkono wa mtu anayesikiliza. Bonasera anataka vijana wauawe. Don anamjibu kwamba hiyo si haki, kwa kuwa binti yu hai. Kinachomuudhi Don zaidi ni kwamba mgeni wake ameleta habari za malipo na hajamwita baba wa ubatizo. Mwishoni Bonasera anainama, anaubusu mkono, anatamka jina linalotakiwa. Anaambiwa kwamba siku moja huenda akaombwa naye fadhila.

Mtu huyu tunamjua kutoka parokiani. Kesi yake ya shamba imepigwa kalenda miaka na miaka, au mwanawe ameumizwa na wazee wa mtaa wanamwambia yaishe kifamilia. Jumapili anasimama nasi kusema Nasadiki, Jumanne jioni anabisha hodi kwa mganga, au kwa tajiri mwenye vijana wake. Ni rahisi kusema kwamba hakufundishwa katekesi vizuri. Sisi hatuoni hivyo. Katika maelezo yote ya Bonasera hakuna padre anayetajwa. Kutoka mahakamani amekwenda moja kwa moja kwa Don. Padre anasikika karibu na mwisho, kwenye ubatizo, ambapo Michael, mwana wa Don, anaulizwa kama anamsadiki Mungu naye anakubali, huku watu wake wakiwaua wapinzani mjini. Ibada imefuata utaratibu wote. Tatizo haliko kwenye ibada.

Kwetu mafrateri kiti kile cha Don kinatisha kuliko bunduki zote za filamu. Sisi pia tutaitwa Baba. Watu watakuja jioni, watanong'ona shida zao, watatuinamia. Fadhila ya padre nayo inaweza kuingizwa daftarini: barua ya utambulisho leo, mchango wa ukarabati wa nyumba ya mapadre kesho, na yule asiyekuja kutuamkia anasubiri hadi mwisho. Hakuna atakayetoa risasi, lakini mkono utabusiwa kwa namna ileile.

Deni la Bonasera linadaiwa usiku ambao Sonny, mwana mkubwa wa Don, ameuawa kwa risasi nyingi. Don anauleta mwili na kumwomba autengeneze, mama asimwone mwanawe katika hali ile. Ni kazi yake ya kila siku, hakuna zaidi. Darasani bado tunabishana kama pale Don anadai deni, au ni baba tu, kama Bonasera alivyokuwa siku ile, anayeomba msaada kwa ajili ya mtoto wake.