TUPANGE NYUMBA KABLA YA RELI KUFIKA



Tangu tarehe 2 Machi 2012, mradi wa LAPSSET ulipozinduliwa kule Lamu, watu wa Turkana wameambiwa kwamba reli itapita kwao. Njia iliyochorwa yatoka Lamu hadi Isiolo, kisha yakata nchi yetu kuelekea Nakodok, mpakani mwa Sudani Kusini. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa mwaka 2021. Reli yenyewe haijafika; hapa Turkana hakuna hata kipande kimoja kilicholazwa. Hata hivyo sisi twasema kwamba wakati wa kuzungumza habari ya nyumba za karibu na stesheni ni sasa, wala si siku ile gari la moshi litakapopiga honi.

Twajua yaliyotokea Nairobi. Mji ule ulizaliwa na reli mwaka 1899. Nyumba za Muthurwa zilijengwa karibu na stesheni ili wafanyakazi wa reli waende kazini kwa miguu. Vyumba vilikuwa vidogo na watu walibanana, lakini mtu hakutoa senti moja ya nauli. Miaka ikapita, ardhi ile ikawa ghali, ikaingia mikononi mwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli wenyewe, na mwaka 2010 wapangaji wakatakiwa waondoke. Wakaenda mahakamani. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki yao ya makazi ilikuwa imevunjwa. Basi tujifunze: mahali karibu na stesheni hupendwa na kila mwenye fedha, na mfanyakazi asiyeandikiwa haki yake mapema ataitafuta baadaye kwa wakili.

Sasa tutazame kwetu. Lodwar imekuwa makao makuu ya Kaunti tangu mwaka 2013. Kazi nyingi ziko katikati ya mji: ofisi, hospitali ya rufaa, maduka, hoteli, na steji ya magari ya Kitale na Kakuma. Lakini nyumba za kodi nafuu zazidi kusogea mbali. Mwuguzi wa zamu ya usiku, mlinzi, mpishi na kibarua wa mjengo wapande boda boda kila siku, au watembee juani katika joto la digrii 35. Tuseme mtu atoa shilingi 50 kwenda na 50 kurudi. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni shilingi 2,600. Fedha hiyo ingelipa karo au unga.

Kwa hiyo twataka nyumba zijengwe kwa kukaribiana, ghorofa mbili au tatu, karibu na steji na karibu na mahali patakapotengwa kwa stesheni. Ziwe na kuta nene, veranda za kivuli na ua wa watoto kuchezea. Hatutaki masanduku ya bati yaliyorundikwa.

Wenzetu wengine wauliza, “Turkana ni kubwa, kwa nini tubanane?” Swali hili ni la haki, na jibu lake ni maji. Kila nyumba inayojengwa mbali yataka bomba refu, nguzo za umeme na barabara. Nyumba 60 zilizo pamoja hupata maji kwa bomba moja. Nyumba 60 zilizotawanyika husubiri punda na mitungi. Tena ardhi hiyo tunayoiita tupu si tupu. Ni malisho ya mbuzi na ngamia wa wazee wetu. Mji ukitambaa ovyo, ni wao watakaosukumwa.

Wengine wasema, “Reli haitakuja kamwe.” Huenda ikachelewa sana. Lakini barabara ya lami kutoka Lodwar kwenda Kakuma na Lokichoggio ipo, na steji ndiyo stesheni yetu ya leo. Nyumba zilizopangwa vizuri kuizunguka zitatufaa, reli ije au isije.

Kakuma nayo ina funzo lake. Kambi ilianza mwaka 1992, ikakua haraka kadiri watu walivyokimbia vita, na mto Tarach ukifurika huingia ndani ya nyumba za watu. Kalobeyei, iliyofunguliwa mwaka 2016, ilichorewa ramani kwanza: barabara, shule, masoko na mahali pa nyumba. Kalobeyei ina shida zake, lakini yaonyesha kwamba mji waweza kuchorwa hata katika nchi kame, na wenyeji na wakimbizi wakatumia soko moja na shule moja.

Fedha za kujenga, ndugu, zatoka mifukoni mwetu. Kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5, na mwajiri hutoa kiasi hicho hicho. Mwenye shilingi 20,000 hukatwa 300 kila mwezi. Mfanyakazi wa Lodwar hukatwa sawa na wa Nairobi. Basi ana haki ya kuuliza: nyumba yangu itajengwa wapi, na kodi yake itakuwa kiasi gani?

Kwa hayo twadai mambo manne. Kwanza, manispaa itangaze ramani ya nyumba za Lodwar na Kakuma, na wafanyakazi waitwe kutoa maoni, kama Sheria ya Mipango ya mwaka 2019 inavyotaka. Pili, ardhi ya jamii iandikishwe kwa Sheria ya mwaka 2016 kabla ya wanunuzi kuja na mikoba. Tatu, nyumba zisijengwe kwenye njia ya maji ya Kawalase, Turkwel wala Tarach. Nne, sehemu ya nyumba hizo iwe ya kupangisha kwa wenye mshahara mdogo, kwa maana si kila mtu aweza kununua.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilimkamata Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, ikamweka Lokitaung, hapa hapa Turkana. Ilidhani kwamba Turkana ni mbali, na sauti ya mfanyakazi haitasikika kutoka huku. Haikufaulu. Nasi tusikubali kuambiwa kwamba tu mbali mno kupangiwa mji.

Kila tawi lizungumze jambo hili mkutanoni na kuleta maoni kwa maandishi. Ramani ikishapigwa muhuri, itakuwa vigumu kuifuta.

Umoja ni nguvu.