Ati Ufundi ni wa Walioshindwa?

Wanafunzi wenzangu, nani aliyesema ati ufundi ni wa walioshindwa na masomo? Hebu tazameni Uswisi. Mwaka 1855 chuo cha ufundi kilifunguliwa mjini Zürich, kikaitwa Politekniki hadi 1911. Wilhelm Röntgen alihitimu hapo uhandisi wa mitambo mwaka 1868. Ndiye aliyegundua eksirei mwaka 1895, akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya kwanza ya fizikia mwaka 1901. Naye Albert Einstein alianguka mtihani wa kuingia chuoni humo mwaka 1895, akiwa na miaka 16. Hakususa, alirudi sekondari, akakubaliwa 1896. Jamani, anayedharau politekniki anadharau kisima huku akinywa maji yake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi!