Chujio Halijui Kiswahili

Yako maneno yanayozunguka miongoni mwetu sisi walimu wa Kiswahili, nayo yamezoeleka hata yamekuwa kama kanuni: kwamba rekodi ya mzee, ya mshairi au ya mtambaji wa hadithi husafishwa kwanza, kelele zikaondolewa, ukubwa ukapunguzwa, ndipo ikahifadhiwa na kupelekwa madarasani. Mtu akiuliza kilichoondolewa ni nini, hujibiwa kwamba hayo ni mambo ya mafundi mitambo. Kazi ya mwalimu wa lugha ni lugha. Makala haya yanakusudia kulipinga neno hilo lote. Ipi ni kelele na ipi ni sauti ni swali la lugha kabla ya kuwa swali la mitambo, na atakayelijibu vibaya atapoteza kitu kisichorudi.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya namna mashine za leo zinavyoishika sauti. Sauti ni mtetemo wa hewa. Kanda za zamani ziliufuata mtetemo huo bila kukatika, kama unyayo unaofuata unyayo. Mashine ya dijitali haifanyi hivyo. Hiyo hupima nguvu ya mtetemo kwa nyakati zilizopangwa sawasawa, ikaandika tarakimu, kisha ikapima tena. Kila kipimo huitwa sampuli. Simu iliyoenea duniani tangu mitambo ya dijitali ilipoingia hupima mara 8,000 katika kila sekunde. Santuri ya dijitali hupima mara 44,100. Kwa nini tarakimu hizi? Kwa sababu ya kanuni ambayo misingi yake iliwekwa na Harry Nyquist mwaka 1928, Vladimir Kotelnikov mwaka 1933 na Claude Shannon mwaka 1949: idadi ya sampuli katika sekunde lazima izidi mara mbili ya idadi ya mitetemo tunayotaka kuihifadhi. Basi simu yenye sampuli 8,000 haiwezi kubeba mtetemo unaofika 4,000 kwa sekunde, ilhali sikio la kijana husikia hadi karibu 20,000.

Na mtetemo uliozidi kiwango hicho haupotei tu kwa amani. Mtetemo wa 5,000 ukiingia katika mashine ya sampuli 8,000 hujigeuza, ukaandikwa kana kwamba ni mtetemo wa 3,000, mfano wa gurudumu la gari katika sinema lionekanavyo kuzunguka kinyumenyume. Ndiyo maana mlangoni pa kila mashine ya namna hii pana chujio la kuwazuia wageni hao wasije wakaingia wamevaa nguo za wenyeji. Chujio hilo ni la lazima, nasi hatuna ugomvi nalo. Ugomvi wetu ni kwa mtu achaguaye sampuli chache pasipo haja, halafu akaongeza machujio mengine juu yake kwa jina la usafi.

Lakini chujio lenyewe ni nini? Wenzetu husema jambo hili halielezeki kwa Kiswahili. Na tujaribu. Chukua sampuli hizi: 2, 8, 2, 8, 2, 8. Huu ni mtetemo wa haraka kuliko yote ambayo mashine yaweza kuiandika, maana unapanda na kushuka kwa kila hatua. Sasa, mahali pa kila sampuli andika wastani wake na ile iliyoitangulia. Utapata 5, 5, 5, 5, 5. Mtetemo umekwisha, umebaki mstari ulionyooka, yaani kimya. Chukua tena sampuli za mwendo wa polepole: 2, 3, 4, 5, 6. Wastani wake ni 2.5, 3.5, 4.5, 5.5. Mpando umesalia vile vile, umechelewa nusu hatua tu. Hilo ni chujio kamili la dijitali, lipitishalo sauti nene na kuzuia nyembamba. Ukitaka kinyume chake, toa sampuli iliyotangulia kutoka katika inayofuata, ugawe kwa mbili: mtetemo wa haraka utatoka 3, -3, 3, -3, 3, na ule wa polepole utadhoofika ukawa 0.5 kila hatua. Machujio makubwa ya studio na ya simu ni ya ukoo huo huo. Badala ya sampuli mbili hukusanya kumi au mia, na kila moja hupewa uzito wake badala ya kugawiwa sawa. Mtoto wa darasa la sita aliyefundishwa wastani anaweza kuyafuata haya. Aliyesema Kiswahili hakina maneno ya kutosha hakuyatafuta.

Sasa zitazame tena zile 5. Je, zimetoka katika 2 na 8? Au 4 na 6? Au 1 na 9? Hakuna ajuaye, wala mashine haijui, kwa maana zote tatu hutoa matokeo hayo hayo. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu, nami naomba wale watetezi wa usafi wapajibu kabla ya kuendelea na kazi yao. Kilichochujwa hadi kikawa sifuri hakirudishwi kwa ufundi wowote, hata mashine ya kesho iwe na akili kiasi gani. Itaweza kubuni kitu kinachofanana nacho, lakini kubuni siyo kurejesha, na mwanafunzi atakuwa anasikiliza ubunifu wa mashine akidhani ni ulimi wa mzee wa Lamu.

Apikaye kwa nazi anajua kwamba kifumbu hakijui lipi tui na lipi machicha. Kinachojua ni mkono wa mpishi, ambaye amekwisha kuamua analotaka. Hali ni hiyo hiyo kwa wasanifu wa machujio. Msanifu haanzi na hesabu, huanza na maswali: mitetemo ipi ipite bila kuguswa? Ipi izuiwe, na kwa nguvu gani? Kati ya mpaka wa kupita na mpaka wa kuzuiwa paachwe upana gani? Akishajibiwa hayo, hesabu zake zinajulikana. Mwaka 1972 Thomas Parks na James McClellan wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walitoa njia ya kutafuta kwa kompyuta uzito ambao hulifanya kosa kubwa kuliko yote liwe dogo iwezekanavyo, na njia hiyo ingali inafundishwa. Hata hivyo hakuna bure. Ukitaka mpaka uwe mkali, huna budi kukusanya sampuli nyingi, na sauti ya ghafla kama ya p au t itaachiwa mlio mdogo kandokando yake. Yako pia machujio yanayorejesha matokeo yao wenyewe ndani ya hesabu. Hayo hufanya kazi kwa sampuli chache, ila huchelewesha mitetemo kwa muda usiolingana, na yakisanifiwa vibaya huendelea kuvuma yenyewe bila kukoma. Yote hayo mafundi wanayaweza. Lakini swali la kwanza, la nini kipite, hesabu hailijibu. Katika simu lilijibiwa na wahandisi waliotaka mazungumzo yaeleweke kwa gharama ndogo ya njia: ipite mitetemo kati ya 300 na 3,400 basi. Kwa kazi yao lilikuwa jibu la busara. Watu wawili wanaojua lugha, wakizungumza juu ya jambo wanalolijua, hujazia pengo wenyewe.

Sembuse asiyeijua lugha bado? Huyo ndiye mwanafunzi wetu. Nguvu kubwa ya sauti s iko juu ya mitetemo 4,000. Sauti f na th ni dhaifu zaidi, nazo zimetapakaa hadi 8,000 na kupita. Ukikata kwenye 3,400, kinachosalia cha sauti hizi tatu ni vumbi linalofanana. Kwa hiyo katika simu sisi na fisi hukaribiana kwa namna isiyompendeza mtu. Thamani huwa samani, na dhana za mwalimu zikawa zana zake. Mtu wa pwani hacheki wala hapotei, kwa kuwa maana inamwongoza. Lakini Kirundi, Kinyarwanda na Kiganda havina th wala dh ya Kiswahili. Mtoto wa Bujumbura, Kigali au Kampala hawezi kujazia pengo kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia. Anaandika samani ya elimu, nasi tunamwekea alama nyekundu, kumbe kasoro ilikuwa imo katika rekodi tuliyompa sisi wenyewe.

Na hao ndio wanaoongezeka. Rwanda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017. Baraza la Mawaziri la Uganda likaidhinisha hatua kama hiyo mwaka 2022, na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Walimu waliozaliwa na matamshi ya pwani hawatoshi, wala hawatatosha karibuni. Rekodi ndiyo itakayokuwa mwalimu wa masikio ya watoto hao.

Hatari ya pili ni kuondoa kelele. Njia maarufu, iliyoelezwa na Steven Boll mwaka 1979, ni hii: mashine husikiliza mahali ambapo hakuna asemaye, ikakadiria uvumi wa mahali hapo katika kila fungu la mitetemo, kisha ikautoa uvumi huo katika rekodi nzima. Programu nyingi za leo zimeendelea mbali zaidi, lakini swali ni lile lile. Sasa fikiria matamshi ya kaskazini mwa pwani, ambako paa la nyumba hutamkwa bila pumzi na paa wa mwituni hutamkwa kwa pumzi, na ndivyo yalivyo makaa ya moto kwa kaa wa baharini. Pumzi hiyo, kwa mashine, ni uvumi kama uvumi mwingine. Ni dhaifu, haina mwimbo, hudumu kitambo kidogo mno. Chujio la kelele hulipunguza lile lililotofautisha neno na neno, likatuletea paa mmoja asiyejulikana kama ana mabati au pembe. Vivyo hivyo kwa wale wanaoitikia wakati wa kutamba hadithi: wako mbali na kinasa sauti, sauti zao ni hafifu, basi mashine iliyofundishwa kumtunza msemaji mmoja huwahesabu kuwa fujo. Hadithi iliyokuwa ya watu wengi ikawa hotuba.

Najua nitajibiwa kwamba nafasi ni ghali. Tupige hesabu. Rekodi ya sampuli 8,000 zenye biti 8 kila moja hula baiti milioni 28.8 kwa saa. Ile ya sampuli 48,000 zenye biti 24, ambayo ndiyo kiwango cha chini kinachopendekezwa na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, hula baiti milioni 518.4 kwa saa kwa mkondo mmoja. Ni mara 18. Siyo jambo dogo. Lakini kadi moja ya baiti bilioni 64, ambayo hupotea mfukoni pamoja na ufunguo, hubeba zaidi ya saa 120 za rekodi hiyo kamili. Ni wangapi kati yetu walio na saa 120 za wazee waliowarekodi? Udhuru wa nafasi ulikuwa wa kweli wakati fulani. Leo ni mazoea tu.

Sisemi rekodi isichujwe kamwe. Darasa lenye watoto sitini na kipaza sauti kibovu lina haki ya nakala iliyopunguzwa uvumi, na mwalimu anayejua anachokifanya na aifanye. Nadai mambo mawili. Rekodi ya asili ihifadhiwe kwanza kama ilivyoshikwa, na kila chujio liwekwe juu ya nakala. Pili, kila nakala iandikwe sampuli zake ni ngapi kwa sekunde, imekatwa kwenye mtetemo gani, na nani aliyeamua. Mistari mitatu yatosha, kwa kalamu, juu ya bahasha. Kanda za kaseti zilizomo makabatini mwa shule zetu tangu miaka ya sabini zinachakaa wakati huu tunapobishana, na atakayezihamisha mwaka huu kwa simu, zikiwa zimesafishwa, aelewe kwamba huenda hakutakuwa na mara ya pili ya kuzicheza.