Motere ya Mazutu Yataka Usafi



Katika miji yetu ya Kivu, motokari iliyonunuliwa kwa feza za jamaa nzima si pambo, ni shamba lao. Kaka ametoa akiba yake, shangazi ameuza ng'ombe, mama ametia feza za duka lake, na wote wangoja gari hilo lilipe masomo ya watoto na dawa za wazee. Siku motere inapokufa, nyumba nyingi zaumia pamoja. Kwa hiyo leo tusemezane juu ya motere ya mazutu, na juu ya adui yake mkubwa, ndio uchafu.

Mtu aliyezoea motere ya esansi hudhani kwamba zote ni mamoja. Sivyo. Motere aliyoibuni Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, haina buji ya kutoa cheche. Yenyewe hubana hewa tu, na kuibana sana. Katika motere 1HZ ya Toyota, iliyotoka mwaka 1990, ambayo twaijua vema katika Land Cruiser za huku, hewa hubanwa mara 22 na zaidi, ikapata moto wa digri kupita 500. Hapo mazutu hurushwa ndani kama ukungu, nayo huwaka yenyewe.

Fikirini sasa pompi inayorusha mazutu hayo. Vyuma vyake vimekaribiana hata nafasi iliyo kati yao ni elfu chache tu za milimetri. Unywele wa mtu ni mnene mara kumi na zaidi. Tena pompi hiyo yalainishwa na mazutu yenyewe, haina mafuta mengine. Basi punje ya mchanga huikwaruza, na maji huitia kutu.

Maji hayo yatoka wapi? Mara nyingi twayanunua sisi wenyewe. Mazutu ya kando ya njia yamepita katika mapipa na mabidoni, na mengine yaliachwa wazi wakati wa mvua. Kwa kuwa maji ni mazito kuliko mazutu, hukaa chini. Mtu mwenye akili hutuliza pipa usiku kucha, hazamishi mpira mpaka chini, huacha vidole vichache vya mwisho, na kupitisha mazutu katika chujio safi. Kitambaa kikuukuu hakifai, maana chatoa nyuzi ndani ya tangi. Tena yafaa kujaza tangi jioni, kwa sababu katika baridi ya usiku unyevu wa hewa hugeuka matone ndani ya tangi tupu.

Chini ya chujio la mazutu mna kizibo cha kuondolea maji. Kila juma shofere akifungue kidogo, akinge kwa glasi, atazame: maji hujitenga chini, hata mtoto aweza kuyaona. Na taa ya chujio ikiwaka njiani, asiseme, «Nitafika Uvira kwanza.» Asimame mahali pazuri, aondoe maji, apige pompi ya mkono, ndipo aendelee. Heri afanye hivyo Nyangezi kuliko kuzimikiwa katika Ngomo, penye ukuta wa mlima upande huu na shimo upande ule, na kamio nyuma yake lapiga honi.

Hewa nayo ina uchafu wake. Gari likitoa moshi mweusi pasipo mlima wala mzigo mkubwa, tazameni kwanza chujio la hewa. Bukavu iko karibu metri 1,500 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na motere yahema tayari. Tusiizibe pua tena. Moshi wa buluu ni habari nyingine: mafuta ya motere yaungua, nayo ni kazi ya fundi.

Mafuta hayo msiyahukumu kwa rangi. Yakiwa mapya hugeuka meusi upesi kwa masizi, ndivyo ilivyo. Hesabuni kilometri kama kitabu cha gari kisemavyo, na penye vumbi mbadili mapema zaidi. Lakini yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia: zimeni motere mara moja.

Naona magari yenye pazia, maua ya plastiki na honi ya sauti tatu, na chujio lao la mwaka juzi. Wenye gari hulaumu shofere. Lakini shofere aliyekatiwa kiasi cha feza cha kuleta kila jioni, asipewe kitu cha kununua chujio, atatafuta mazutu ya bei ndogo kuliko yote, mlitaka afanyeje? Basi mama anayeshika daftari ya nyumba aandike feza za chujio na mafuta kabla ya kugawa faida. Naye shofere, akiisha kutia chujio jipya, alete la zamani nyumbani, lipasuliwe mbele ya wote, waone yaliyokuwamo.