MANENO YA AFYA: Kwa Ndugu Waendao Ghana



Siku hizi ndugu wengi wa kwetu huenda Ghana, wengine kwa mikutano ya Kanisa, wengine kwa masomo, wengine kwa biashara. Zamani safari hiyo ilikuwa ya majuma mengi baharini. Leo mtu apanda ndege Nairobi au Addis Ababa, naye hushuka Accra siku ile ile. Basi kwa kuwa safari imekuwa nyepesi, watu hudhani matayarisho yake nayo ni mepesi. Tena twasikia wengine wakisema, "Sisi ni Waafrika, homa tumeizoea, mambo ya sindano na vidonge ni ya Wazungu." Neno hilo si kweli, na mwezi huu twataka kueleza kwa nini.

KWANZA, CHETI CHA HOMA YA MANJANO. Serikali ya Ghana humtaka kila mgeni, tangu mtoto wa miezi 9, aonyeshe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Sindano sharti ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kufika, maana mwili wahitaji siku hizo kujitengenezea kinga. Tangu mwaka 2016 cheti kimoja chatosha kwa maisha yote ya mtu. Kitunzeni pamoja na pasipoti, wala msikifungie katika sanduku kubwa. Maana wakati wa kurudi pia, Tanzania hukiuliza kwa watu watokao katika nchi zenye ugonjwa huo.

Hapa tunalo neno zito. Wako watu wanaouza cheti bila sindano. Msafiri aliyechelewa hutoa fedha, jina lake likaandikwa, mhuri ukapigwa, naye akaenda zake akifurahi kwamba ameokoa siku zake. Ndugu zetu, cheti hicho ni uongo ulioandikwa kwa wino. Afisa wa mpakani aweza kudanganyika, lakini mbu hasomi vyeti. Homa ya manjano haina dawa ya kuiua. Waganga humtunza mgonjwa tu, na katika wale ambao ugonjwa huwazidi hata macho yakawa manjano na damu ikatoka, kama nusu yao hufa. Tena mtu akirudi nao damuni, mbu wa mtaani kwake waweza kuuchukua na kuwapa majirani. Hivyo uongo wa mtu mmoja waweza kuwa msiba wa wengi.

Tukumbuke pia chanjo hii ilitoka wapi. Mwaka 1927 mtu mmoja wa Ghana, jina lake Asibi, alipatwa na homa hiyo, na damu yake ikachukuliwa. Asibi akapona. Katika damu ile wataalamu walipata vijidudu vya ugonjwa, na baada ya kazi ya miaka mingi, mwaka 1937, Max Theiler na wenzake walipata chanjo kutokana na vijidudu hivyo hivyo vilivyopunguzwa nguvu. Katika utafiti huo daktari Adrian Stokes alikufa Lagos mwaka 1927. Hideyo Noguchi na William Young walikufa Accra mwaka 1928, wote kwa homa ile waliyokuwa wakiichunguza. Basi sindano hii ilinunuliwa kwa damu ya Mwafrika na kwa maisha ya watu waliotoka mbali. Je, yatupasa sisi kuikwepa na kununua mhuri mtupu?

Wako ambao sindano hii haiwafai, au huwafaa kwa uangalizi tu: watoto wachanga, mama wajawazito, watu ambao kinga ya mwili wao imepungua sana, wasiopatana na mayai, na wazee waliopita miaka 60. Hawa wamwone daktari mapema. Akiona haifai, aweza kuwaandikia barua ya kweli ya kuwaombea udhuru. Lakini huko waendako homa yaweza kuwapata kama mtu mwingine. Kwa hiyo wafikiri kwanza kama safari yenyewe haiwezi kungoja.

PILI, MALARIA. Malaria iko Ghana nzima, mwaka mzima, na iliyo nyingi ni ile kali iuayo upesi. Mtu aliyekulia penye baridi, kama Nairobi au vilima vya Kilimanjaro, hana kinga yake. Hata mtu wa pwani akikaa Ulaya miaka kadhaa, kinga aliyokuwa nayo hupungua. Kwa hiyo mwulizeni daktari dawa ya kuzuia. Doksisaiklini huanzwa siku 1 au 2 kabla ya kusafiri, ikamezwa kila siku, na kuendelea majuma 4 baada ya kuondoka huko. Wengi huiacha siku wafikapo nyumbani, na hilo ni kosa, maana vijidudu vyaweza kuwa vimejificha mwilini bado. Dawa hii haiwafai wajawazito wala watoto wadogo. Daktari atawapa nyingine. Usiku laleni ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, na jua likishuka vaeni mikono mirefu.

TATU, MAJI NA CHAKULA. Kunyweni maji yaliyochemshwa au yaliyofungwa vizuri kiwandani. Kenkey na banku, vyakula vya unga wa mahindi uliochachushwa, vyafaa vikiwa vya moto. Samaki aliyepoa mezani mwacheni. Mtu akiharisha, achanganye lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa, anywe kidogo kidogo. Akiona damu au homa, aende kwa daktari.

NNE, NJIA NA ZIWA. Nchini Ghana magari hupita upande wa kuume tangu mwaka 1974, wala si kushoto kama kwetu. Mtu wa kwetu akivuka barabara hutazama kuume kwanza, na huko gari la karibu lamjia kutoka kushoto. Tazameni pande zote mbili, na safari za usiku ziepukeni. Msioge wala kutembea katika maji ya Ziwa Volta. Ziwa hilo lilitokea kwa sababu ya boma la Akosombo, lililomalizika mwaka 1965, na konokono waenezao kichocho wakaongezeka sana. Na mtu aendaye kaskazini, kama Tamale au Bolgatanga, kati ya Desemba na Juni, aulize pia chanjo ya homa ya uti wa mgongo.

MWISHO, BAADA YA KURUDI. Mtu akipata homa katika miezi 3 baada ya kurudi, aende kupimwa siku ile ile, wala asingoje kesho. Na amwambie daktari kwa kinywa chake, "Nalikuwa Ghana." Neno hilo fupi laweza kuokoa roho.

Wako watakaosema kwamba kujikinga namna hii ni upungufu wa imani. Sisi twajibu kwamba Luka, aliyefuatana na Paulo katika safari zake, alikuwa tabibu, wala Paulo hakumfukuza. Kumwomba Mungu ulinzi na huku kuukataa msaada aliokwisha kuuweka mbele yetu si imani, bali ni kumjaribu. Basi anayejiandaa kusafiri na apige magoti, kisha ainuke aende kuchanjwa, na cheti chake kiwe cha kweli.

Mwezi ujao, Bwana akipenda, tutasema juu ya namna ya kutunza maji ya kunywa nyumbani. Kaeni na amani.